Samaki Kumi na Wanane wa Mwalimu Nthenge

Nyinyi vijana mnaoniita Susu, yaani nyanya, mnaonipigia simu mkiuliza, "Susu, nataka kuweka tangi la samaki nyumbani, nianze na nini?" mnanisikia sauti ikibadilika, mnadhani nimechoka na maswali yenu. Sijachoka. Ni kwamba kabla sijawajibu huwa namwona mzee mmoja amelala kitandani kule Kathiani, na inanibidi nimsogeze kando kwanza ndipo niweze kuongea mambo ya mchanga na pampu. Leo sitamsogeza. Mchanga nitawaambia, pampu nitawaambia, na yeye nitawaambia.

Mimi nilikuwa fundi wa vioo. Mume wangu alipofariki aliniachia karakana ndogo mjini Machakos, meza ya kukatia na wateja wa madirisha. Wanaume walikuwa wakiingia wanauliza, "Fundi ako wapi?" Nawajibu, "Unaongea na yeye." Wengine waligeuka wakatoka. Mzee Abdi hakutoka. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mrefu, mwenye ndevu za hina, na siku hiyo alitaka nimtengenezee sanduku la kioo lisilo na kifuniko.

"La kuuzia mandazi?" nikamuuliza.

"La samaki."

"Wa kukaanga?"

Alinitazama kama mtu aliyehesabu mbuzi wake akakuta mmoja hayupo. "Wa kuangalia," akasema.

Sanduku la kwanza lilivuja siku ileile alipolijaza. La pili halikuvuja, lakini kufikia kesho yake samaki wake wanne walikuwa wameelea tumbo juu. Nilikuwa nimetumia silikoni ya bafuni, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haijui ukungu ni nani na samaki ni nani. Kwa hivyo ukinunua silikoni, chukua isiyo na dawa yoyote, na ukishaipaka uiache mpaka usisikie tena harufu kama ya siki. Mimi nilisubiri siku mbili tu. Nilidhani Mzee Abdi atanitukana. Badala yake alikuja na kigoda chake, akaketi karibu na meza yangu, akaanza kunifundisha. Alirudi karibu kila Ijumaa baada ya msikiti, miaka mingi.

Alinifundisha uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita sitini, ukiongeza kioo na mchanga, linamshinda mwanamume mzima kuinua. Hili nililisikia nikalipuuza, nikaagiza kwa wachongaji wa Wamunyu meza ya kuchonga, miguu minne ya twiga, myembamba, mizuri mpaka watu walikuwa wakisimama mlangoni kuitazama. Twiga walisimama wiki mbili. Kisha mmoja alivunjika goti, na wakili mmoja akaogelea kwenye ofisi yake na faili zake zote. Tangu hapo meza zangu zilikuwa mbaya na nene kama kisigino.

Alinifundisha mchanga. Mchanga wa mto wetu ni mzuri, lakini uoshe kwenye beseni mara kumi, na mara ya kumi na moja maji yakitoka meupe ndipo uuamini. Jiwe lolote unaloliokota, lidondoshee siki. Likitoa povu, lirudishe ulikolitoa. Alinifundisha kwamba waya wa pampu lazima uning'inie chini kuliko soketi, ndipo uingie juu, ili tone la maji likiteremka kwenye waya lianguke sakafuni na lisiingie kwenye stima. Kabla ya kutia mkono majini, zima kila kitu. Na usiweke tangi mahali linapopigwa na jua, kwa sababu litakuwa kijani kama bwawa la ng'ombe.

Maji ya mfereji yana dawa. Yachote kwenye ndoo pana, uyaache wazi siku nzima, na ukipata ile dawa ya kuondoa klorini utie, usibahatishe. Maji ya kisima cha kuchimba huku kwetu ni mazito, yana chumvichumvi. Gapi anayapenda. Huyo ndiye samaki wa kuanzia: mdogo, mvumilivu, mkia kama leso. Lakini maji hayo mazito yana ubaya wake, nitaufikia.

Jambo kubwa kuliko yote Mzee Abdi hakunieleza kwa mdomo kwanza. Nilipomtengenezea tangi la tatu, zuri, akalijaza maji, akaweka mchanga na pampu, akaiwasha, na hakutia samaki. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu waliokuja kununua mbuzi walikuwa wakicheka, wanasema Abdi ameanza kufuga maji. Kila siku chache alikuwa akitupa humo chembe za chakula kwa samaki wasiokuwepo. Nikamuuliza kama ameanza kusahau.

"Samaki anakojoa wapi?" akaniuliza.

"Majini."

"Anakunya wapi? Chakula kikibaki kinaozea wapi? Yote inakuwa sumu, na hiyo sumu huioni. Maji ni safi kama ya kunywa na samaki anakufa ndani. Kuna vijidudu vinakula hiyo sumu. Vinaota kwa mchanga na kwa sponji ya filta, polepole, mwezi, mwezi na nusu. Ukitia samaki kabla vijidudu havijafika, umemfungia kwa choo." Akafikiri kidogo. "Mbuzi akiwa mgonjwa analia, hata jirani anasikia. Huyu hana sauti. Kwa hivyo ni wewe ufike mapema."

Nilimsikia. Nataka mjue hivyo. Kwa haya nitakayowasimulia siwezi kusema sikuambiwa.

Mzee Abdi alipofariki, tayari watu walikuwa wakiniita Mama Samaki. Nilikuwa nimeacha madirisha. Niliweka matangi hotelini, kwenye kliniki za meno, kwa wachungaji na kwa wafanyabiashara. Na mara mbili au tatu, mteja akiwa na haraka, nilitia samaki siku ileile, wachache, na hawakufa. Nikaanza kudhani ule mwezi na nusu ulikuwa tahadhari ya wazee.

Ndipo Kalondu akanijia. Alikuwa binti wa Mwalimu Nthenge wa Kathiani, anafanya kazi ya uuguzi ng'ambo, amekuja nyumbani likizo fupi. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na pia ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa lao. Watu wa upande ule walikuwa wakisema akiita jina la mwanafunzi shuleni, wanaopalilia mlima wa pili wanasimama wima. Kiharusi kilikuwa kimempiga. Kilichukua upande wa kulia wote na kikachukua sauti. Akili ilibaki. Daktari alisema hivyo, na Kalondu alinirudilia mara mbili: "Akili iko. Anaelewa kila kitu. Amelala tu hapo akiangalia ukuta, Mama. Nataka awe na kitu cha kuangalia."

"Tutaweka tangi," nikamwambia. "Samaki watakuja baada ya wiki sita."

"Narudi kazini Jumamosi."

"Mama yako atawaona."

"Mama ako na shida ya macho, hawezi kuniambia vile wanakaa. Nataka kuona baba akiwaona. Tafadhali. Sijui nitampata tena nikirudi."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza pia kufanya jambo lingine ambalo kila fundi analijua: kuchukua sponji chafu kutoka kwenye tangi langu la zamani, ile nyeusi iliyojaa vijidudu, nikaiweka kwenye filta yake, ikaanza kazi siku hiyohiyo. Niliyokuwa nayo karakanani ilikuwa mbaya kutazama, inatoa matope. Niliona aibu kuibeba kwenye nyumba ya watu. Nikabeba mpya, nyeupe.

Alhamisi nilipanga kila kitu sebuleni, ambako ndiko walikoweka kitanda cha Mwalimu. Tangi la lita sitini, mchanga wa mto, mimea, maji ya kisima chao. Ijumaa nikaleta gapi kumi na wanane. Tangi jipya lingebeba sita, tena kwa wasiwasi, lakini sita wangeonekana wachache na Kalondu alitaka lijae. Kitanda kilikuwa kimeelekea dirishani. Mimi ndiye niliyesema kigeuzwe. Tulikishika, mimi na Kalondu, tukakigeuza mpaka uso wa Mwalimu ukawa umeelekea kioo, na tukamwekea mto upande wa pili ili kichwa kisiteleze. Hakuweza kujigeuza mwenyewe. Tulipowasha taa ya tangi, samaki wakafunguka humo kama maua, na upande wa kushoto wa mdomo wake ukainuka. Kalondu akaenda jikoni kulia.

Nilimwambia mke wake, Mama Kalondu, awape chakula kidogo sana, kama chumvi ya kunyunyizia yai, mara moja kwa siku. Nikasema nitarudi siku ya tatu kubadilisha maji. Siku ya tatu hoteli moja ikaniita, pampu yao imekufa. Siku ya tano nilikuwa na tangi la mchungaji. Nilimpigia Mama Kalondu simu, akasema samaki wako sawa, wanacheza juu juu. Nilisikia hayo maneno, "juu juu". Samaki anayekaa juu ya maji, mdomo nje, hachezi. Anatafuta pumzi. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na nikasema sawa, nitapita.

Nilipita siku ya kumi.

Nilisikia kishindo kabla sijabisha hodi. Ko, ko, ko, halafu kimya, halafu tena. Mama Kalondu alikuwa akitoka shambani, mikono ina udongo, akanisalimu vizuri.

"Ni yeye," akasema. "Anapiga kitanda na huo mkono mzima tangu Jumatatu. Nikadhani ni maumivu. Nimekuwa nikimpa ile dawa ya maumivu ndio alale kidogo."

Ndani kulikuwa na harufu. Mama Kalondu aliizoea, au alidhani ni ya mgonjwa. Maji yalikuwa yamefanya ukungu mweupe, na chini, juu ya mchanga, chakula kimelala kama unga uliomwagika. Alikuwa akiwalisha kama kuku, kwa konzi, kwa upendo, kwa sababu hakuwaona wakila. Samaki kumi na tano walikuwa wamekufa. Wengine wamenasa kwenye bomba la filta, wengine wameliwa nusu, wengine siku zimepita mpaka ni utando tu. Watatu walikuwa juu, midomo nje, wekundu kwenye mashavu kama waliochomwa. Maji mazito ya kisima hufanya ile sumu iwe kali mara nyingi zaidi. Huo ndio ubaya niliosema nitaufikia.

Nikamgeukia Mwalimu. Alikuwa ananitazama. Mto tuliomwekea bado ulikuwa pale, umekishika kichwa chake kimeelekea kioo. Macho yalikuwa mekundu na yamelowa, na mkono wa kushoto bado uko kwenye chuma cha kitanda, vidole vimechubuka kwenye vifundo. Aliponiona nimeelewa, akauacha ukaanguka.

Nimefiwa, vijana. Nimezika mume. Lakini sijui kama nimewahi kusimama mahali pagumu kama pale, na ndoo yangu mkononi.

"Mwaitu," nikamwambia mke wake, kwa heshima ya mama. "Hakuwa na maumivu. Samaki wamekufa. Wameanza kufa zamani. Alikuwa anatuita."

Alisogea karibu na tangi mpaka pua ikagusa kioo, akatazama kwa yale macho yake yenye mtoto wa jicho. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono uliochubuka akauweka mapajani.

"Na mimi nikampa dawa alale," akasema. "Ananiita, nampa dawa alale."

Jambo la kwanza nililofanya ni kukigeuza kitanda. La pili, nikainama mahali Mwalimu anaweza kuniona. Nikasema, "Mwalimu, kosa ni langu. Sio la mama, sio la Kalondu. Nilijua wanatakiwa kungoja na nikawatia. Nilisema nitarudi siku ya tatu na sikurudi." Akafunga macho. Nikamuuliza kama nitoe tangi. Akabaki amefunga macho. Nikasema, "Ukitaka nitoe, gonga mara moja. Ukitaka nitengeneze upya, gonga mara mbili." Nilisema tu, sikutegemea kitu.

Akagonga mara mbili.

Mama Kalondu akashtuka akasimama. Miezi minne walikuwa naye nyumbani, na hakuna mtu aliyewahi kumpa njia ya kujibu. Akamwinamia: "Uko na njaa? Moja ni ndiyo, mbili hapana." Mara mbili. "Uko na baridi?" Mara moja. Akakimbia kuleta blanketi, anarudi anauliza lingine, analia, anauliza lingine. Nikawaacha nikatoka nje na ndoo. Wale watatu niliwabadilishia maji polepole mpaka jioni. Wote walikufa kabla ya wiki kwisha.

Baada ya hapo nilifanya kazi vile nilivyofundishwa. Niliosha mchanga upya. Nilibeba sponji yangu nyeusi, mbaya, nikaiweka kwenye filta bila aibu. Nilitupa chembe za chakula kwa samaki wasiokuwepo. Kila Jumanne nilienda Kathiani na chupa yangu ya matone ya kupimia, nachota maji kwenye kichupa, natikisa, nakiinua Mwalimu aone rangi. Kijani ni sumu, njano ni salama. Nilitegemea sponji itaharakisha, lakini yale mabaki yaliyooza yalikuwa yameingia mpaka kwenye mizizi ya mimea, na kijani kilikataa kuondoka. Wiki ya pili, kijani. Wiki ya tatu, kijani cha kupauka. Nilikuwa namuuliza, "Mwalimu, tutie samaki?" naye alikuwa akigonga mara mbili, kwa nguvu, kama anapiga dawati. Nadhani alikuwa ananicheka. Alistahili.

Wiki ya nne akapata homa ya mapafu. Wiki ya tano akafa, mchana, Mama Kalondu akiwa ameshika ule mkono wake wa kushoto.

Kalondu alikuja kuzika. Nilienda matangani, na katikati ya watu aliingia sebuleni akasimama mbele ya tangi. Taa inawaka, pampu inanguruma, mimea imesimama, hakuna samaki. Akageuka akanitafuta kwa macho.

"Samaki wa baba wako wapi?"

Mama yake hakuwa amemwambia. Kwenye simu alikuwa akisema wako sawa, asimwumize mtoto aliye mbali. Nilimwona Mama Kalondu akinitazama, na nilijua ningeweza kusema chochote na angenyamaza. Nikamwambia Kalondu yote. Siku kumi, mto, kishindo, dawa. Mashangazi waliokuwa wakimenya viazi waliacha visu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni mimi niliyekuharakisha," akasema.

"Wewe uliomba," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyejua."

Hakunisamehe na hakunilaani. Alinitazama kidogo, akaenda kwa mama yake, na hatujaongea tena mpaka leo. Sijawahi kumtafuta. Kuna watu ukishawaumiza, kuwatafuta ni kuwaongezea kazi.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine kumi na moja, na mteja yeyote aliyetaka samaki siku hiyohiyo nilimwonyesha mlango. Nilipoteza wengi. Walienda kwa mafundi wanaotazama video mbili kwenye simu na kuanza. Sasa mikono inatetemeka, siwezi kukata kioo, kwa hivyo nakaa Kalama na kuwajibu nyinyi. Ukiniuliza uanze na nini, nitakwambia anza na mwezi na nusu usio na samaki. Ukishindwa kukaa na kioo kitupu siku arobaini, usinunue samaki, nunua picha.

Wiki moja baada ya mazishi Mama Kalondu aliniita nikatoe tangi. Kabla sijazima pampu nilichota maji nikapima, kwa mazoea tu. Yakawa ya njano. Nikapima tena, nikadhani matone yameharibika. Njano safi, kama mafuta ya alizeti. Sijawahi kutengeneza maji mazuri kama yale, kabla wala baadaye. Nilimwambia yako tayari, nikamuuliza kama anataka nilete samaki, hata wawili.

"Mimi siwaoni," akasema. "Ni yeye alikuwa anawaona."

Kulikuwa na kiangazi, na maharagwe yake karibu na jikoni yalikuwa yamekunja majani. Akaleta ndoo mbili. Tukachota, mimi naye, ndoo kwa ndoo, tukamwagilia mistari yote mpaka tangi likabaki mchanga.